Vumbi la Kazini na Moyo wa Nyumbani

Kijitabu cha kaya kuhusu risasi na metali nyingine nzito

Mtu akipimwa zahanati na kukutwa na presha, maswali tunayajua: chumvi, mafuta, sigara, uzito, mawazo. Ni maswali ya haki. Lakini lipo moja linalosahaulika: unafanya kazi gani, na ukirudi nyumbani unarudi na nini mwilini na nguoni?

Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba risasi, kadimiamu na aseniki zihesabiwe miongoni mwa visababishi vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa mwaka 2021 risasi ilichangia vifo zaidi ya milioni 1.5 duniani, vingi vyake vikiwa vya moyo na mishipa. Kijitabu hiki kitakaa zaidi kwenye risasi, kwa sababu ndiyo inayoingia majumbani mwetu kwa milango mingi, na mingi kati ya hiyo inafungika bila gharama kubwa.

Owino Uhuru

Mtaa wa Owino Uhuru uko Mikindani, Mombasa. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, kimepakana na nyumba za watu. Moshi wake ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji yake machafu yakapita walipochezea watoto. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani hapo, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Mama huyo akawa sauti ya mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Habari hiyo imesimuliwa zaidi kwa upande wa watoto, na inastahili, maana risasi huharibu ubongo unaokua na uharibifu huo haurudi nyuma. Ila tusiwasahau wazazi wao. Kwa mtu mzima, risasi hushambulia polepole mishipa ya damu na figo, bila homa wala kikohozi cha kumshtua. Mtu huiona mara ya kwanza kama presha isiyo na maelezo.

Inavyoumiza moyo

Mwili huichukua risasi kwa kuidhania kalisi, yaani yale madini ya mifupa na meno. Kwa hiyo huisafirisha na kuihifadhi kama kalisi. Katika damu, nusu ya risasi hupungua kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kwenye mifupa inaweza kukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya risasi ya mtu mzima. Mifupa yetu basi ni ghala lisilofungwa vizuri. Mwanamke akiwa mjamzito, akinyonyesha, au akishakoma hedhi, mifupa hutoa kalisi na risasi hutoka pamoja nayo. Ndiyo maana mama aliyeishi karibu na kiwanda zamani anaweza kuathirika, naye mtoto tumboni akapata fungu lake, miaka mingi baada ya kuhama.

Ndani ya mishipa ya damu kuna utando laini unaotoa kemikali ya kuilegeza mishipa ili damu ipite kwa urahisi. Risasi huipunguza kemikali hiyo. Mishipa hukakamaa, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na presha hupanda. Figo nazo, ambazo kazi yake moja ni kusawazisha presha, zikidhurika huzidisha tatizo. Mwisho wa njia hiyo ni kiharusi, mshtuko wa moyo au figo kushindwa kazi. Wataalamu hawajapata kiwango chochote cha risasi kinachoweza kuitwa salama.

Anayeileta nyumbani

Mara nyingi ni yule anayetulisha. Fundi betri, fundi wa rejeta anayechomelea kwa risasi, mpaka rangi anayekwangua kuta za zamani, mkusanya chuma chakavu, mvuvi anayeyeyusha risasi kutengeneza chubwi za nyavu. Vumbi humganda kwenye nywele, ovaroli na viatu, naye akifika tu mlangoni mtoto humrukia kifuani. Hatusemi hivi kumlaumu baba wala kaka. Tunasema ili nyumba imsaidie.

Abadilishe nguo kazini kabla ya kuondoka, na kama pana maji aoge huko huko. Viatu vya kazi vikae nje. Nguo zake zifuliwe peke yake katika karai lake, si pamoja na nepi wala sare za shule, na zisikung'utwe uani kabla ya kuloweshwa. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuwasha sigara, kwa kuwa risasi nyingi huingilia mdomoni.

Vumbi la ndani lipigwe deki kwa tambara bichi. Ufagio mkavu huliinua tu, likatua upya mezani na kwenye mikeka. Ukuta wenye rangi kuukuu inayobanduka uloweshwe kabla ya kupigwa msasa, na watoto waondoke siku hiyo. Mbao zenye rangi ya zamani zisitumike kuwa kuni.

Na betri isipasuliwe nyumbani. Hapa hatuna ushauri wa kupunguza makali. Anayeyeyusha risasi uani kwa jiko la mkaa, hata kwa chubwi chache, anawapulizia jamaa zake sumu, na sufuria aliyoitumia haifai tena kwa chakula, hata isuguliwe vipi.

Jikoni na kwenye kikapu cha sokoni

Sufuria zinazosubuliwa na mafundi wa jua kali kwa alumini chakavu ni nafuu na hudumu, na wengi wetu tumelelewa kwa ugali uliosongwa ndani yake. Shida ni kwamba fundi hajui kila kipande kilichoingia kwenye tanuri. Vyuma vya injini na vipuri vingine vinaweza kuwa na risasi, nayo hutoka kidogo kidogo kuingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu. Kwa macho huwezi kuitambua sufuria yenye risasi. Ukipata uwezo, nunua ya stili kwa ajili ya mboga za uchachu. Usipopata, pika kisha pakua mara moja, kiporo kihamie kwenye bakuli la kioo au la udongo wa kawaida usiopakwa rangi ya kung'aa.

Wanja wa asili unaosagwa kutokana na jiwe jeusi linalometameta unaweza kuwa na risasi nyingi, kwa kuwa jiwe lenyewe mara nyingi ni madini ya risasi. Kumpaka mtoto mchanga machoni ni desturi ya upendo, lakini mtoto hujifikicha macho na kisha hulamba vidole.

Kuna pia vijiwe vya udongo wanavyotafuna wajawazito, pemba kwa jina la wengi. Watafiti walioupima udongo huo katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Tanzania waliukuta na aseniki, kromiamu na nikeli. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Mama mwenye hamu hiyo asichekwe. Apimwe damu kliniki na apewe vidonge vya madini ya chuma.

Lishe nayo ina sehemu yake. Tumbo tupu hufyonza risasi zaidi, na vivyo hivyo mwili uliopungukiwa chuma na kalisi. Mtoto huifyonza kupita mtu mzima kwa mara kadhaa. Asipelekwe shule bila chochote tumboni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani hupunguza ufyonzaji, ingawa haviondoi kilichokwisha ingia.

Zile nyingine, kwa ufupi

Kadimiamu huwafikia wengi kupitia sigara, maana mmea wa tumbaku huinyonya kutoka ardhini. Hukaa kwenye figo kwa miongo. Aseniki imo katika maji ya baadhi ya visima, yakiwemo ya ukanda wa dhahabu kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, aseniki iliyobaki huwa kali zaidi, kwa hiyo kisima kikibainika kina aseniki, dawa ni kutafuta maji mengine. Zebaki ya kukamatia dhahabu isichomwe kamwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko la familia.

Kipimo na dawa za "kusafisha damu"

Kipimo cha risasi ni cha damu, na hakifanyiki kila zahanati. Huenda ukaelekezwa hospitali ya rufaa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba anayekutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo chake kitafutwe na kiondolewe. Kumbuka kwamba damu huonyesha zaidi yaliyoingia karibuni. Jibu zuri leo halifuti miaka ya nyuma.

Zipo dawa za hospitali zinazonasa risasi na kuitoa kwa mkojo, na hutumika kwa waliopata sumu nyingi, chini ya uangalizi. Je, zinamfaa mgonjwa wa moyo? Jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililotoa matokeo mwaka 2024 lilihusisha watu wapatao 1,000 wenye kisukari waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Dawa ilishusha risasi ya damu kwa zaidi ya nusu, lakini haikupunguza mishtuko wala vifo. Basi anayekuuzia chupa ya "kusafisha damu na kufungua mishipa" stendi ya mabasi, mpishe aende. Na vidonge vya presha ulivyoandikiwa visiachwe hata siku moja kwa sababu umegundua kuwa huenda chanzo ni risasi.

Ukienda kupima presha, mweleze mhudumu kazi unayofanya na uliyowahi kufanya, mahali ulipoishi utotoni, na kama jirani kuna anayeyeyusha betri. Kama yupo, wapeleke na watoto wapimwe, hata kama wanaonekana wazima, kisha taarifa ifike kwa afisa afya wa kata au wa kaunti.