NGUZO ZA KWETU NA ZA NJE

Leo tujifunze jinsi Serikali inavyonunua vitu.

Kule Mufindi, mkoani Iringa, wengi wetu tumepanda mikaratusi. Mikaratusi hutoa nguzo za umeme. Lakini zamani nguzo nyingine ziliagizwa kutoka nje ya nchi. Mwaka 2017 Serikali iliagiza nguzo zinunuliwe hapa hapa nchini. Wakulima wa miti tulifurahi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inapendelea bidhaa na kampuni za nchini. Je, ina maana Serikali hainunui kabisa kutoka nje? Hapana. Inaweza kununua nje:

1. Kama kitu hicho hakipatikani nchini.

2. Kama kilichopo hakitoshi, au hakifikii ubora unaotakiwa.

3. Kama fedha ni za mkopo au msaada, na mkataba wetu na wanaotoa fedha una masharti mengine.

La kwanza na la tatu haliko mikononi mwetu wanakijiji. La pili liko. Nguzo iliyopinda haifai, na isiyotiwa dawa vizuri huoza na kuliwa na mchwa. Mnunuzi akiikataa, hatuonei. Basi tusikate miti michanga kwa haraka ya pesa. Tukiuza nguzo imara, nani atakuwa na sababu ya kwenda nje?

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini nguzo mbovu hufukuza soko?

2. Kijijini kwetu tunazalisha nini ambacho Serikali hununua?