Juma Moja la Mtoto wa Darasa la Tano

Wengi katika wazazi wetu hudhani kuwa mtoto akisha kuvaa sare na kutoka nyumbani asubuhi, kazi ya kumsomesha ni ya mwalimu peke yake. Na tuipime dhana hiyo kwa hesabu.

Mtaala wa leo wa Kenya wampa mtoto wa darasa la nne hata la sita vipindi 35 kwa juma, kila kipindi dakika 35. Jumla yake ni saa 20 na dakika 25. Juma lina saa 168. Tukitoa saa 9 za usingizi kila usiku, zasalia saa 84 na ushei, nazo zi mikononi mwetu.

Twatoa mfano. Jumatatu mwalimu afundisha kujumlisha nusu na robo. Mtoto ajumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, apata mbili ya sita, yaani thuluthi. Jumanne mwalimu amwuliza: vipi nusu iliyoongezwa ikawa chini ya nusu? Mtoto atanabahi, aigeuza nusu kuwa robo mbili, apata robo tatu. Jumatano aulizwa tena, na Alkhamisi tena. Ijumaa ajibu bila ya msaada. Tangu Jumanne hakufundishwa jipya katika hilo, alikumbushwa tu.

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alieleza, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kuwa mtu husahau zaidi katika siku ya kwanza, kisha kusahau hupungua. Walimu wetu wa chuoni hawakumngojea yeye: hawampi mtoto somo jipya mpaka alidurusu la jana.

Wala jambo hili si la skuli tu. Mafungu ya mirathi ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto fungu lake ni thumuni. Asiyejua thumuni ni kiasi gani, atajuaje kuwa amedhulumiwa?

Basi, enyi wazazi, yatupasa kutenga robo saa kila jioni, na khasa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mwalimu hayupo. Mwulizeni mtoto: “Jana mlisoma nini?” Kisha mwambieni awafundishe nyinyi. Swali hili aweza kuliuliza hata mzazi asiyejua kusoma, na huenda naye akajifunza.