Ushuaia: Kituo cha Mwisho cha Maandalizi ya Afya Kabla ya Antaktika

Mji wa Ushuaia uko kusini kabisa mwa Argentina, kando ya Mlangobahari wa Beagle. Meli nyingi za watalii ziendazo Antaktika huondoka katika bandari hiyo, hasa kati ya Novemba na Machi. Wasafiri wengi hufika siku moja au mbili mapema ili kupumzika. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, siku hizo ni nafasi ya mwisho ya kurekebisha kilichosahauliwa, maadamu duka la dawa na hospitali vingali karibu.

Kutoka hapo meli huvuka Mlangobahari wa Drake kwa takriban siku mbili, katika bahari inayochafuka mara kwa mara. Daktari wa melini ana zahanati ndogo tu, na kumhamisha mgonjwa kwa ndege hutegemea hali ya hewa.

Mfano ulio wazi ni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini. Meli inapoyumba, sikio la ndani huhisi mwendo ambao macho, yakitazama kuta za chumba, hayauoni. Ubongo hupokea taarifa zinazopingana, na kichefuchefu huanza. Anayetapika hashiki chakula, hivyo sukari yake yaweza kushuka. Lakini akiacha insulini kabisa, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, asidi hatari hujikusanya katika damu. Dozi za siku za namna hiyo hupangwa na daktari wake kabla ya safari.

Akiwa Ushuaia, msafiri ahakikishe mambo manne:

1. Dawa zinatosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, nazo zimo katika mkoba wa mkononi.
2. Insulini haigandi. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka.
3. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hutumiwa kabla ya kuingia mawimbini. Bandiko la skopolamini halimfai mwenye aina fulani za presha ya macho, na laweza kumzuia mkojo mwenye tezi dume iliyokua.
4. Daktari wa meli anapewa orodha ya maradhi na dawa mara tu msafiri apandapo.

Mhudumu wa afya anayeombwa ushauri amuulize mgonjwa: ukitapika siku mbili mfululizo, utafanya nini? Asiye na jibu hajawa tayari kusafiri. Tahadhari kabla ya hatari.