KUPIMA KABLA YA DAWA

Mwenye kidonda cha usaha afikapo hospitali kuu ya Kakamega, asione ajabu usaha wake ukipelekwa kwanza maabara. Vijidudu vya maradhi ni vya namna nyingi, na dawa iuayo hivi huenda isiue vile.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, mganga wa Denmark, alivumbua njia ya kuvitia rangi: katika darubini vingine huonekana vya zambarau, vingine vyekundu. Kisha huoteshwa katika sahani yenye vipande vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Kesho yake, kandokando ya dawa ifaayo hapaoti kitu.

Basi mgonjwa asimeze dawa ya dukani kabla ya kupimwa. Yaweza kuharibu kipimo, na vijidudu visivyokufa huzaana mpaka dawa ile isifae tena.