Soketi ya Pili Kibandani

Una kibanda cha mbao cha kuuzia chai hapa Chunya. Kina taa. Sasa unataka soketi ya birika. Je, waya wake utatoka wapi?

Usiuunge kwenye waya wa taa. Waya ule ni mwembamba. Balbu ya wati 10 haiusumbui. Lakini birika la wati 2,000 hula umeme sawa na balbu 200 za namna hiyo! Waya hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na mbao huwaka.

Mwite fundi umeme mwenye leseni. Avute waya mnene kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Kwanza azime swichi kuu, kisha apime kwa testa.

Tazama waya wenye rangi ya kijani na njano. Huo huenda ardhini. Umeme ukivuja kwenye bati la birika, hupita humo. Fundi asipouunga, usimlipe bado.