Mbwa wa getini kwangu na mtoto wa jirani

Makala hii naiandika kwa aibu kidogo, kwa sababu kosa ninalolieleza ni langu mwenyewe. Lakini nimeona kulificha ni kuwanyima wengine faida.

Nakaa Dar es Salaam, katika mitaa yetu hii ambayo nyumba zimebanana na wezi hawalali. Baada ya kuibiwa mara mbili nilimtafuta mbwa wa ulinzi. Nilimuuliza shekhe wetu kwanza, akanieleza kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kufuga mbwa bila haja, na akatoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi wamekisia hapo ulinzi wa nyumba. Basi nikamjengea kibanda karibu na geti. Makombo alipata, maji alipata. Nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Siku moja lilipita gari la matangazo. Kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Nilisikia vizuri sana, lakini sikwenda. Nitasema ukweli: niliona haya. Mimi mtu wa kanzu na kofia, ninayejulikana msikitini, nionekane nikimvuta mbwa kwa kamba barabarani? Watu watasemaje? Nikajiambia mbwa wangu hatoki nje, ataugulia wapi?

Miezi michache baadaye geti liliachwa wazi. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, alikuwa anatoka madrasa na wenzake. Waliona mbwa, wakakimbia. Mbwa naye akamfuata aliyekuwa nyuma, akamng'ata mguuni.

Bibi yake mtoto ni mcha Mungu. Alimuosha mjukuu wake mguu mara saba, na mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Kisha akaufunga kwa kitambaa. Nilipokwenda kuomba radhi aliniambia, "Yamekwisha baba, tumeshamtoharisha." Nami nikashukuru na kurudi nyumbani. Sote tulidhani yamekwisha.

Usiku ule, baada ya Isha, jirani mwingine ambaye ni daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: "Shekhe, mbwa wako amechanjwa?" Sikuwa na jibu.

Tohara na tiba ni mambo mawili

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo. Kuosha mara saba ni ibada, kunaondoa najisi. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba kunatosha kuwa dawa ya aliyeng'atwa. Bibi yule hakukosea katika dini yake. Tulilokosea sote ni kudhani kwamba tukishamaliza la tohara, la afya nalo limekwisha.

Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, virusi huingia kwenye jeraha na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Katika muda huo mtoto anacheza, anakula, jeraha limepona na watu wamesahau. Dalili zikishaanza, ikiwemo kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna hospitali ya kumkimbilia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Takriban wote wameambukizwa na mbwa. Na haya yanatokea ilhali chanjo ipo tangu mwaka 1885, pale Louis Pasteur alipomtibu kijana wa miaka tisa huko Ufaransa.

Asubuhi tulikwenda na mtoto. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo, tukaenda hospitali. Gharama zilikuwa juu yangu, na ndivyo haki ilivyo. Daktari alisafisha jeraha upya na kutueleza kwamba udongo ukibaki ndani ya jeraha bichi unaweza kuleta pepopunda. Suala la tohara ya jeraha la namna hiyo muulize shekhe wako, lakini sote tunajua kwamba sheria yetu haimlazimishi mtu kujidhuru. Yule ambaye maji yanadhuru jeraha lake amepewa tayamamu.

Mbwa wangu alifungwa na kuangaliwa siku kumi. Kanuni ni kwamba mbwa au paka aliyeuma akibaki mzima siku kumi, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Siku kumi zile sitazisahau. Kila alfajiri kabla ya swala nilikuwa naenda kibandani na tochi kutazama kama anakula. Yule ambaye sikutaka kuonekana naye barabarani sasa nilikuwa namuombea uzima. Alhamdulillah, mbwa alibaki mzima na mtoto yupo, anaendelea na juzuu yake.

Huruma ni zaidi ya makombo

Baada ya hapo nilianza kuuliza wenzetu wa mwambao wanafanyaje. Watu wengi wakisikia habari za vituo vya kuhifadhi wanyama hufikiri ni mambo ya Wazungu. Lakini tazama Lamu, mji wa Waislamu, wenye vichochoro ambavyo punda ndiye gari lake. Mwaka 1987 shirika la kuhifadhi punda kutoka Uingereza lilifungua pale kituo cha kuwatibu punda bila malipo. Hawakuja kuwanyang'anya watu punda wao. Mwenye punda anabaki na punda wake na riziki yake, ila anatibiwa mnyama, na anafundishwa kuhusu vidonda, minyoo na mzigo uliozidi kiasi. Wakaanzisha na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, mwenyewe akapewa zawadi. Kwa njia hiyo kumtunza mnyama kukawa fahari ya mwenye mnyama.

Wala hili si geni katika historia yetu. Katika karne ya 13, Sultani Baybars wa Misri aliweka wakfu bustani huko Cairo ili mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Waislamu wale walisoma hadithi ile ile tunayoisoma sisi, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumuacha ajitafutie. Na ile ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Wakaelewa kwamba huruma inataka mpango, haitoshi kuhurumia moyoni.

Mfano wa karibu zaidi ni Pemba. Kisiwa kile karibu wote ni Waislamu, na mbwa si wengi. Hata hivyo kichaa cha mbwa kilikuwepo. Zikafanywa kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 maambukizi yakawa yamekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa na kusambaa. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukakomeshwa kwa mara ya pili. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Basi Wapemba walioleta mbwa wao kwenye chanjo waliwalinda pia watoto wa wale ambao hawana mbwa kabisa.

Mambo ya kushika

Kwa faida ya msomaji, nayaandika hapa niliyofundishwa na madaktari, wa watu na wa wanyama.

Kwanza, aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aoshwe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake mafuta ya taa, pilipili, kitunguu wala majivu.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa siku zilizopangwa, na ni lazima zimalizwe zote. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee wetu walizisimulia zimeachwa. Siku hizi mtu hudungwa begani.

Tatu, usimuue mbwa aliyeuma kwa hasira ikiwa anaweza kufungwa salama. Akiangaliwa siku kumi atatoa jawabu ambalo maiti yake haiwezi kukupa kirahisi. Wala usisubiri siku hizo ndipo umpeleke mtoto hospitali. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Nne, wafundisheni watoto. Mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto haguswi. Mbwa akija, usikimbie wala usimkodolee macho. Simama wima kama mti, mikono ubavuni, mpaka aondoke. Ukianguka, jikunje na ufunike shingo na masikio kwa mikono. Walimu wa madrasa wanaweza kulifundisha hili kwa dakika tano tu.

Tano, paka naye ana haki. Paka si najisi, na ndiye anayezunguka majumbani mwetu kama mmoja wetu, lakini naye anaweza kupata kichaa, hivyo achanjwe. Usimpe panadol, kwani kidonge unachokunywa wewe ukapona kinamuua yeye. Sumu ya panya usiiweke pasi na kujali, maana paka hula panya aliyekula sumu. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, na akikosa wa kumsaidia avae glovu na akiondoe kila siku, kwani kinaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo pia hukaa katika nyama isiyoiva.

Watu watasemaje?

Wapo watakaosema: mbwa ni najisi, tutamshikaje kumpeleka kwenye chanjo? Jawabu nililopewa na shekhe ni jepesi. Kikavu kwa kikavu najisi haihami. Mshike kwa kamba au mnyororo. Ukipatwa na mate yake, osha kama unavyojua. Najisi ina dawa yake, nayo ni maji na udongo. Mtoto akishaanza kuogopa maji hana dawa.

Wapo pia watakaosema Waislamu tuna matatizo makubwa kuliko mbwa na paka. Ni kweli tunayo. Lakini mtoto anayetoka madrasa na juzuu mkononi, na kwa sehemu kubwa ndio hao wanaong'atwa, yeye si tatizo dogo. Na aliyemfuga mbwa ataulizwa mara mbili: haki ya mnyama na haki ya jirani. Sisi tulioweka mbwa getini halafu tukaona haya kumpeleka kwenye chanjo tumechukua ruhusa ya sheria na kuacha jukumu lake.

Rai yangu kwa maimamu ni fupi. Gari la matangazo linapopita mtaani kutangaza chanjo, litangazeni na nyinyi baada ya swala. Kama kuna kituo cha wanyama au ofisi ya mifugo karibu, mwalikeni mtaalamu aje azungumze na wazazi na watoto. Mtu akisikia jambo hili kwa imamu wake, haya itamtoka.

Mimi ilinitoka kwa njia ngumu. Kampeni iliyofuata nilivaa kanzu yangu, nikatia kofia, nikamvuta mbwa wangu kwa mnyororo kupita mbele ya baraza la kahawa. Walicheka, kama nilivyotarajia. Mmoja akaniuliza, "Shekhe, leo unampeleka darasani?" Nikamjibu, "Nampeleka nilikotakiwa kumpeleka mwaka jana." Nilipokuwa kwenye foleni niligeuka nikamuona yule yule aliyeniuliza anakuja, na mbwa wake kwa kamba ya katani.

Wabillahi tawfiq.