Dawa ya tumbo linalochelewa: ultrasaundi inaweza kusema nini?

SWALI: Nina kisukari cha miaka mingi. Nikila mchana, usiku bado nimeshiba, na mara nyengine natapika chakula kile kile. Nimeandikiwa metoklopramidi. Je, ultrasaundi itaonesha kama dawa inafanya kazi? Msomaji, Kizimbani, Unguja.

JIBU: Itaonesha, mradi upimwe kabla na baada ya kuanza dawa, katika hali ile ile. Kisukari cha muda mrefu huharibu mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao huamrisha misuli ya tumbo, na chakula hukaa bila kusukumwa. Kipimo kinachoaminiwa zaidi ni kula chakula chenye mionzi kidogo na kupigwa picha kwa saa 4. Chakula kikibaki zaidi ya asilimia 10, tumbo limechelewa. Lakini kipimo hicho kinahitaji kitengo cha tiba ya nyuklia, kama cha Ocean Road, Dar es Salaam, na si rahisi kuvuka bahari kila dawa inapobadilishwa. Ultrasaundi haina mionzi. Mpimaji hupima upana wa sehemu ya chini ya tumbo kabla ya kula, kisha baada ya kula kila nusu saa hivi, aone unavyopungua.

Atakayeuliza kipimo cha nini ikiwa mgonjwa amepata nafuu, ana hoja. Ila nafuu ya kichefuchefu na kasi ya tumbo mara nyingi haviendi pamoja, na anayechoma insulini sukari yake inaweza kushuka ghafla chakula kikiwa bado kimekwama. Tena, tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba metoklopramidi ikizidi wiki 12 huweza kusababisha misuli ya uso na ulimi kuchezacheza bila hiari, pengine maisha. Dawa ya namna hiyo haifai kuendelezwa kwa mazoea. Ni kweli pia kwamba gesi huficha picha na matokeo hutegemea ustadi wa mpimaji. Ndiyo sababu ya kutaka mpimaji yule yule, chakula kile kile, mkao ule ule, na sukari iliyotulia, kwani sukari ikipanda siku hiyo, nayo huchelewesha tumbo, na dawa ikalaumiwa bure.

Kwa kuwa umeshaanza dawa, muulize daktari wako kama anaweza kuisitisha kwa siku mbili hivi apate kipimo cha mwanzo, na kama endoskopi imeshathibitisha kuwa hakuna kizuizi tumboni. Usiisitishe mwenyewe. Ukitapika mfululizo au sukari ikishuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.